Nimejikusanya ninunue bodi ya kamera ya fulfremu, laptopu ni ile ile ya zamani. Nakosea wapi?

Kibatari

Wakuu, heshima kwenu.

Napiga picha mwaka wa nne sasa: harusi, mahafali, watoto wanaotimiza mwaka. Natumia Nikon D5300 na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, 18-55. Flashi ninayo moja, inakaa juu ya kamera. Laptopu ni Core i7 kizazi cha saba, RAM 8, diski ni ile ya kuzunguka. Kioo chake ukikilaza nyuma kidogo tu, uso wa bibi harusi unageuka rangi ya majivu.

Tatizo langu ni ukumbini. Picha zina chenga (yale madoadoa ya punje), na nyingi zimetikisika. Wiki mbili zilizopita nilisimama pembeni ya jamaa mwenye mirolesi (kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani) ya fulfremu, yaani yenye sensa kubwa, ile sehemu inayopokea mwanga, akanigeuzia kioo cha nyuma nione alichopiga. Nilirudi nyumbani kimya.

Nimejibana muda mrefu na sasa nina fungu linalotosha bodi ya fulfremu, bodi tupu bila lenzi. Mpango: niuze D5300, lenzi yangu niifunge kwa adapta, laptopu ivumilie mwaka mwingine. Nishaurini kabla hela haijatoka mfukoni.

Nyundo

Nunua fulfremu, usigeuke nyuma. Krop sensa, hizi za sensa ndogo kama yako, ni za kujifunzia. Mengine utayapata mbele ya safari.

Chenga Tupu

Nyundo, mtu akiuliza habari za mkanda wa kamera utamjibu fulfremu.

Mzee wa Kivuli

Kibatari, kabla hujatajiwa majina ya kamera na watu ambao hawajaona picha zako, fanya kazi moja leo usiku. Fungua harusi yako ya mwisho, nenda kwenye zile ulizozitupa. Nzuri ziache, hizo hazina la kutufundisha hapa. Chukua sitini mfululizo bila kuchagua, kila moja iandikie sababu ya kutupwa. Halafu angalia data za picha uone lenzi ilikuwa f ngapi (upana wa tundu, namba ndogo ni tundu kubwa), ISO ngapi (jinsi kamera inavyoukuza mwanga), shata ngapi (muda wa kupiga, kwa sehemu za sekunde). Urudi na majibu, ndipo tuongee vifaa.

Nyundo

Huko ni kuzunguka mbuyu.

Kibatari

Nimerudi. Sitini nilizozitupa:

31 zimetikisika. 14 fokasi imeangukia ukutani au begani kwa mtu wa mbele. 8 wamefumba macho. 5 flashi imeunguza paji la uso. 2 sielewi hata kwa nini nilizipiga.

Zile 31 karibu zote zinasoma f/5.6, ISO 3200, shata 1/30 au 1/40. Niliogopa kupandisha ISO zaidi ya hapo.

Chenga Tupu

Haipo hata moja iliyotupwa kwa kukosa megapikseli. Naondoka zangu.

Mzee wa Kivuli

Asante kwa uvumilivu, wengi nikiwaambia hivyo hawarudi.

Shata ya 1/30 kwa mtu anayecheza ni bahati nasibu. Kamera yako haikuwa na namna. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Ukumbi una giza, tundu ni dogo, ISO umeifungia. Kilichobaki cha kuongeza mwanga ni kuichelewesha shata, na ndicho ilichofanya.

Sasa tupige hesabu. Mwanga unaopita kwenye tundu unapungua kwa mraba wa ile namba ya f. Gawa 5.6 kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata 9.7. Maana yake lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo uliokuwa nao. Palepale ulipopiga kwa 1/30 ungepiga kwa karibu 1/300, ISO ile ile, kamera ile ile. Kwa lugha ya stopu, ambapo kila stopu ni mwanga mara mbili, hizo ni stopu tatu na theluthi.

Njoo kwenye fulfremu unayoiota. Sensa yake ni milimita 36 kwa 24, eneo milimita za mraba 864. Ya D5300 ni 23.5 kwa 15.6, kama 367. Gawanya: mara 2.35. Hiyo ni stopu moja na robo. Kwa hiyo bodi itakayomaliza fungu lako lote inakupa stopu moja na robo, na kilenzi cha plastiki chenye uzito wa gramu 185 kinakupa tatu na theluthi.

Na hiyo moja na robo hutaipata pia, kwa sababu umesema utafunga 18-55 yako kwa adapta. Hiyo lenzi imetengenezwa kwa sensa ndogo. Bodi ikiitambua inakata kingo za picha, inatumia kipande cha katikati tu. Bodi ya megapikseli 24 inakupa kama 10. Utakuwa umenunua jumba ukaenda kulala kwenye korido.

Tahadhari moja, imeshaliza wengi. D5300 haina mota ya fokasi ndani ya bodi, kama ilivyo familia zote za D3000 na D5000. Lenzi za zamani za AF-D zinategemea mota ya kamera. Ukinunua 50mm f/1.8D itaingia vizuri, itapiga picha, lakini fokasi utazungusha kwa mkono mpaka harusi iishe. Unayoitaka imeandikwa AF-S, mwishoni ina herufi G. Na usidhani ile D itakuja kukufaa ukihamia mirolesi ya Nikon, adapta yao ya FTZ nayo haina mota.

Zile tano za paji la uso: flashi usimwelekezee mtu kama tochi ya polisi. Geuza kichwa chake kwenye dari kama dari ni nyeupe na haiko juu sana.

Nyundo

Hesabu za mzee sizipingi. Lakini mbona kaziruka zile 14 za fokasi?

D5300 ina pointi 39, zimejazana katikati ya fremu. Mtu akiwa pembeni unalenga na pointi ya kati, unashikilia, unahamisha kamera, na wakati huo yeye kashasogea. Mirolesi za sasa zinatafuta jicho zenyewe na kulifuata hadi ukingoni mwa picha. Halafu kwenye kitundu cha kuchungulia unaiona picha kama itakavyotoka, giza ni giza, mwanga ni mwanga, kabla hujabonyeza. Kwa mtu anayepiga harusi peke yake bila msaidizi, hilo si pambo.

Mzee wa Kivuli

Hapo umesema kweli na sina la kukujibu. Ila jicho halijali ukubwa wa sensa. Mirolesi za APS-C, yaani zenye sensa ndogo kama ya D5300, nazo zinalifuata. Uliposema fulfremu ulikuwa unamaanisha fokasi, ni vitu viwili.

Nyundo

Haya, hilo nimelimeza.

Bint Mwanga

Kaka zangu mmekaa kwenye kamera siku nzima. Mimi kazi yangu ni kuediti tu, wapigapicha wananiletea kadi, nakaa nazo mimi. Kibatari, nijibu: harusi moja unarudi na picha ngapi, na toka unachomeka kadi hadi unakabidhi inapita siku ngapi?

Kibatari

Dada, kama 1,100. RAW zote, yaani faili ghafi za kamera. Kukabidhi ni wiki mbili, wakati mwingine tatu. Nikisogeza kitelezi cha mwanga kwenye Lightroom, programu ninayoeditia, picha inaitikia baada ya sekunde tatu, nne. Kuhamia picha inayofuata naona kwanza ukungu, halafu ndiyo inasafika. Kuchagua tu usiku mzima.

Bint Mwanga

Basi tatizo lako la pili tumeliona, na nadhani ndilo linalokula hela zako zaidi kuliko la kwanza. Sekunde nne mara 1,100 ni zaidi ya saa nzima umekaa unatazama ukungu, na hapo nimehesabu kila picha umeigusa mara moja. Nani anaigusa mara moja?

Tena sikiliza. Ukinunua bodi yenye megapikseli 45, kila faili inakuwa na pikseli karibu mara mbili ya hizi. Hiyo laptopu itagoma.

Kuna jambo jingine ambalo wauza kamera hawalitaji. Kamera mpya inatoa RAW mpya, na programu ya zamani haizijui. Mtu aliyebaki na Lightroom 6, ile ya mwisho kuuzwa bila malipo ya kila mwezi, anachomeka kadi ya kamera ya juzi, anaambiwa faili hazitambuliki. Njia ipo, Adobe wanatoa bure programu ya kuzigeuza kuwa DNG, muundo wa RAW ambao hata Lightroom ya zamani inaufungua, ila ni hatua moja zaidi kwenye mashine ambayo tayari inahema.

Ukiwa bado na hiyo mashine, jaribu hili leo. Kwenye Lightroom Classic, wakati wa kuingiza picha mwambie atengeneze Smart Previews. Ni nakala ndogo za pikseli 2560 upande mrefu. Halafu kwenye mipangilio ya utendaji weka alama aeditie hizo badala ya faili asilia. Utashangaa. Ukali wa picha na chenga vihakiki kwenye faili kamili kabla ya kutoa, hiyo nakala ndogo haioni chenga vizuri.

Bisibisi

Nimeitwa na mtu kwenye uzi huu, nafikiri ni kwa ajili ya laptopu. Nafungua hizi mashine kila siku.

Kibatari, neno i7 lisikutie kiburi. Geuza laptopu usome namba kamili. Kama ni i7-7500U, ina koa mbili tu, yaani vitengo viwili vya kufanyia kazi ndani ya prosesa. Mbili! i5-8250U iliyokuja kizazi kimoja mbele ina nne. Kwa hiyo i5 ya jirani inaiacha i7 yako kwenye kutoa picha. Herufi ya mwisho ndiyo ya kutazama: U ni prosesa ya kubana umeme, wati 15 hivi, H ni ya kazi, wati 45 na kuendelea. Ukitoa picha 1,100 kwa mpigo, U inachemka, inapunguza kasi, ndiyo unaona dakika kumi za kwanza inakimbia halafu inaanza kutambaa.

Kingine, kizazi cha saba karibu chote hakimo kwenye orodha ya Windows 11, wanaanzia cha nane. Na Windows 10 Microsoft walifunga msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo "ivumilie mwaka mwingine" ni mpango wenye tundu.

Chenga Tupu

Si aweke SSD tu maisha yaendelee? Mimi niliweka, laptopu ikafufuka.

Bisibisi

Ilifufuka kuwaka. Usichanganye.

Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachohama kutafuta data, karibu milisekunde kumi kila mara. Lightroom inachokora katalogi na maelfu ya vijifaili vya picha za mfano, kila kimoja kichwa kihame. SSD haina kichwa, haihami popote. Ndiyo maana kuwasha, kufungua katalogi, kupitia picha moja hadi nyingine kunabadilika mno. Lakini ukisogeza kitelezi, anayechora upya picha ni prosesa na grafiki kadi. Kutoa JPEG ni prosesa. Kule kusafisha chenga kwa akili bandia alikoleta Adobe mwaka 2023 ni grafiki kadi kabisa. Kwenye grafiki ya ndani ya laptopu ya zamani unangoja dakika kadhaa kwa picha moja. SSD haitakusaidia hapo hata ukiweka tatu.

RAM hesabu ni hii. Picha ya D5300 ni 6000 kwa 4000, pikseli milioni 24. Ukiifungua Photoshop kwa biti 16, kila pikseli inachukua baiti mbili mara rangi tatu. Hiyo ni megabaiti 144 kwa laya moja, yaani tabaka moja la picha. Laya kumi ni 1.4GB, hapo hujahesabu historia ya kurudi nyuma, Windows yenyewe, na kivinjari chako chenye kurasa arobaini. GB 8 zimeisha. Zikiisha mashine inaanza kuandika kwenye diski, na diski yako ndiyo ile yenye kichwa.

Kwa hiyo ukitafuta nyingine: herufi H, koa sita au zaidi, RAM 16 na nafasi ya kuongeza, SSD ya NVMe, ile ya kasi zaidi. Fungua kifuniko au soma mwongozo uone kama RAM imegandishwa kwenye bodi mama. Ikiwa imegandishwa, unachonunua leo ndicho utakachozeeka nacho. Laptopu za Apple zenye chipu ya M1 za 2020 na zilizofuata ni nzuri sana kwa kazi hii na hazichemki hovyo, lakini RAM haziongezwi, kwa hiyo ya GB 8 ipite mbali. Kama utatumia sana kusafisha chenga, grafiki kadi yenye memori yake mwenyewe, GB 8 ukiweza.

Ukiwa tayari kutumia kompyuta ya mezani, hela ile ile inakupa mashine yenye nguvu zaidi. Lakini naona unahamahama.

Kibatari

Nimeitazama. i7-7500U. Nimenyamaza kidogo.

Bint Mwanga

Pole. Sasa kioo, maana Bisibisi kakiruka kama mafundi wote.

Hicho chako kinachogeuka majivu ukikilaza ni paneli ya TN. Usiedite rangi ya ngozi juu yake, utakuwa unakisia. Tafuta IPS, aina isiyogeuka hivyo, halafu uulize inafika asilimia ngapi ya sRGB, kiwango cha kawaida cha rangi za skrini. Ikikaribia mia unafanya kazi. Laptopu nyingi za bei ya chini wanaandika "45% NTSC", inasikika kama sifa, maana yake ni kama theluthi mbili hivi za sRGB. Nyekundu inakuwa tofali, wewe unaongeza, mteja kwenye simu yake anaona damu.

Nikupe aibu yangu. Niliwahi kuediti harusi nzima usiku, kila picha naiona ina njano, naivuta kuelekea bluu. Nikafurahi nazo. Asubuhi nikafungua tena: watu wote wana sura za maiti. Nilitafuta kosa kwenye kamera, kwenye taa za ukumbi, kwenye programu. Kumbe laptopu ilikuwa imewasha yenyewe ule mwanga wa usiku wa kulinda macho, unaopaka kioo njano jua likizama. Picha 640 nikaanza upya. Tangu siku hiyo, cha kwanza kukizima kwenye mashine yoyote ni hicho.

Na albamu zikitoka mashine ya kuchapia zikiwa nyeusi, msilaumu mchapaji mbio. Kioo mmekiweka mwangaza wa mwisho. Wenye kalibreta, kifaa cha kupima rangi za kioo, Spyder au Calibrite, lengo la kawaida ni joto la rangi 6500K, gama 2.2, mwangaza candela 100 hadi 120 kwa mita ya mraba. Ukikishusha hivyo mara ya kwanza utadhani kimeharibika. Macho yanazoea.

Nyundo

640 😂 Samahani dada.

Bint Mwanga

Cheka tu. Zamu yako itafika.

Kibatari

Nauliza: niende na kioo cha 4K kabisa?

Bint Mwanga

Sio lazima. Full HD ni pikseli milioni mbili, 4K ni milioni nane, picha yako ni 24. Vyote vinaibana. Ukali wa jicho unauhakiki kwa asilimia mia, kwenye kioo chochote. 4K inapendeza ila inaitwisha grafiki mzigo mara nne. Rangi kwanza.

Fundi Pazia

Kama lenzi utanunua iliyotumika, naomba niseme. Nilinunua moja kwa mtu, nje inang'aa. Nyumbani nikawasha tochi ya simu nyuma yake, tundu limefunguliwa lote, nikaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui kati ya vioo. Fangasi. Muuzaji simu ikawa haipatikani.

Kwa hiyo tochi ni palepale, mbele ya muuzaji, mbele na nyuma. Vumbi kidogo ndani halina neno, kila lenzi inalo. Nyuzi na ukungu kataa. Zungusha pete ya fokasi usikilize kama inakwaruza. Weka kwenye kamera yako, siyo yake, upige kwa tundu lililofunguka lote kitu cha karibu na cha mbali. Angalia visu vya tundu, vile vibati vinavyolifungua na kulifunga, visiwe na mafuta.

Bodi ikiwa ndiyo iliyotumika: piga anga jeupe kwa f/16 uone madoa ya sensa. Yanasafishika hayo, mikwaruzo haisafishiki. Piga moja na kifuniko cha lenzi kikiwa juu, sekunde chache, uone pikseli zinazowaka. Uliza shata imepiga mara ngapi, kwenye Nikon namba inafichwa ndani ya data za JPEG na programu nyingi za bure zinaisoma. Shata nyingi za madaraja ya kati zimepimwa mapigo laki moja hadi laki mbili, ingawa hicho ni kipimo tu, zipo zilizokufa mapema na zipo zinazogonga mpaka leo.

Na flashi kuukuu za enzi za filamu msizibandike juu ya kamera za sasa bila kupima. Baadhi zina volti mamia kwenye kiguso cha chini. Zinaunguza saketi.

Chenga Tupu

Mimi msiba wangu ulikuwa kadi. Imeandikwa GB 256, ya bei ya mteremko. Harusi imeenda vizuri, kioo cha kamera kinaonyesha kila kitu. Nyumbani, picha za mwanzo zipo, kuanzia ukataji wa keki mpaka mwisho faili zipo kwa majina tu, ndani kijivu. Kadi halisi ilikuwa ndogo sana, imedanganywa ijitangaze kubwa, ikijaa inaandika juu ya hewa. Nililia na mteja.

Kadi yoyote mpya sasa naijaza kwanza kwa H2testw kwenye Windows, wenye Linux wana F3. Inaandika hadi ukingoni halafu inasoma tena. Inachukua muda, niache nichukue muda.

Bisibisi

Na kisomeo cha kadi kiwe kizuri. UHS-I, daraja la kasi la kadi, mwisho wake ni MB 104 kwa sekunde, UHS-II 312. Kadi ya UHS-II kwenye tundu la UHS-I inakwenda mwendo wa UHS-I. D5300 ni UHS-I, usilipie zaidi.

Fundi Pazia

Programu je? Kama malipo ya kila mwezi yanabana, darktable na RawTherapee ni za bure na zinafungua RAW za D5300 bila shida. darktable ina ngazi ndefu ya kujifunza, wiki ya kwanza utaichukia.

Bint Mwanga

Wiki mbili.

Mzee wa Kivuli

Nakala msisahau kwenye bajeti. Diski mbili za nje, moja inakaa nyumba nyingine. Kadi haifutwi mpaka picha ziwe sehemu tatu.

Kibatari

Wakuu, nimekaa kimya mwezi mzima, nilikuwa natekeleza.

D5300 sikuuza. Nimenunua 50mm f/1.8G iliyotumika, nilienda na tochi, muuzaji akaniuliza kama mimi ni daktari wa meno. Fungu kubwa limekwenda kwenye laptopu: prosesa ya H, koa nane, RAM 16 na tundu moja liko wazi, NVMe ya 1TB, kioo cha IPS karibu asilimia mia ya sRGB. Diski mbili za nje. Kilichobaki nimekitenga, kikikua kitakuwa mirolesi ya APS-C, Nyundo asinune.

Harusi ya juzi nimekabidhi siku ya tano. Kuchagua kulichukua jioni moja. Mwanga wa usiku nilizima kabla hata ya kuweka neno la siri.

Nimehesabu tena sitini za kutupa, mzee. Zilizotikisika 7. Macho 12. Mengineyo 8. Lakini fokasi zimepanda, 33! Za kwanza zilikuwa 14. Nyingi ncha ya pua iko safi, macho yamelainika. Nimevunjika moyo kidogo.

Nyundo

Nilisema au sikusema?

Mzee wa Kivuli

Ulisema. Kibatari, usivunjike. Ulipiga zote kwa f/1.8?

Kibatari

Zote. Nilikuwa kama mtoto aliyepewa filimbi.

Mzee wa Kivuli

Basi ndiyo hiyo. Kwa 50mm, umbali wa mita moja na nusu, f/1.8 inakuachia kama sentimita sita tu za ukali kwenye kamera yako, mbele na nyuma ukijumlisha. Ukifokasi kwa pointi ya kati halafu ukahamisha kamera, au yeye akapumua, umeshapita. Zamani f/5.6 ilikuwa inakuficha, makosa yalikuwepo.

Funga hadi f/2.5. Unapata kama sentimita tisa, mwanga unapungua stopu moja, shata inashuka toka 1/300 hadi 1/150 hivi, inatosha kwa mtu anayetembea taratibu. Anayecheza, pandisha ISO hadi 6400 bila woga, chenga itazisafisha hiyo laptopu mpya. Weka AF-C, fokasi inayomfuata mtu akisogea, chagua mwenyewe pointi iliyo karibu na jicho, usihamishe kamera ukishashika.

Bint Mwanga

Na zile ambazo pua ni safi, usinitumie nikuongezee ukali. Hauongezeki.

Kibatari

Nimeelewa. Jumamosi nina mahafali. Nitahesabu tena.